Kijidudu Kinachobeba Kiondo: Jinsi Bakteria Zinavyotumiwa Kubadili Mahindi na Mpunga



Kila mkutano wa kikundi tuliohudhuria msimu huu, hata kama ajenda ilikuwa tangi la maji au mbuzi wa maziwa, uliishia kwenye swali lile lile la GMO. Mahali pamoja mama mmoja alisimama, akajifunga leso vizuri, akasema: "Mnatuambia wataalamu wameingiza kijidudu ndani ya mahindi. Sasa nikisonga ugali, ninasonga na kijidudu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na sisi hatukuwa na jibu zuri. Tulimjibu juu juu, tukafunga mkutano. Njiani tukaona aibu, ndipo tukaanza kusoma na kuuliza.

Liko jambo lingine lililotusukuma. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimenunua miche ya ndizi za tishu kwa pesa za chama. Walichimba mashimo, wakabeba samadi kichwani. Kisha mtu akapita akawaambia ndizi hizo ni GMO na zitawafanya mabinti zao wasizae. Wiki ile ile wakaing'oa yote. Jamani, mche wa tishu si GMO! Ni ndizi ile ile tunayoijua, imekuzwa ndani ya chupa safi ili isitoke na magonjwa ya shambani. Jeni zake hazikuguswa. Akiba ya akina mama ikapotea kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelielewa, na sisi tuliokuwa tukiwatembelea hatukuwa tumelieleza. Kwa hivyo makala haya ni deni tunalolipa.

Ugonjwa wa nundu

Habari hii haianzii kwenye mahindi. Inaanzia kwenye waridi, mizabibu na miti ya matunda. Kama umewahi kuona mti wenye nundu ngumu pale shina linapoingia ardhini, huenda uliona kazi ya bakteria fulani inayoishi udongoni. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend, walionyesha kwamba bakteria hiyo ndiyo inayoleta nundu. Jina lake la kitaalamu ni Agrobacterium tumefaciens. Sisi tutaiita Agrobakteria, ulimi usichoke.

Jambo lililowashangaza wataalamu kwa miaka mingi ni hili: hata bakteria zote zikiuawa, nundu huendelea kukua. Na ndani ya nundu mmea hutengeneza chakula cha aina ambayo mmea wenyewe hauna haja nayo, ila Agrobakteria huipenda sana. Ni kama mgeni aliyekwisha kwenda zake, lakini mwenye nyumba bado anampikia kila siku na wala hajui kwa nini. Mgeni aliacha nini ndani ya nyumba?

Aliacha maagizo. Kila kiumbe hai, awe mtu, ng'ombe au mhindi, amejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya kila seli mna uzi mrefu uitwao DNA, na kwenye uzi huo mna maagizo ya namna ya kuishi na kukua. Agizo moja moja ndilo linaloitwa jeni. Jeni ndizo zinazofanya mahindi haya yawe meupe na yale ya manjano, na mtoto awe na pua ya babu yake. Bakteria nayo ina DNA yake. Lakini Agrobakteria, mbali na ile DNA kubwa, ina pete ndogo ya DNA iitwayo plasmidi. Mwaka 1974 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent huko Ubelgiji, akina Jeff Schell na Marc Van Montagu, waligundua kuwa nundu inategemea pete hiyo: bakteria isiyo nayo haileti ugonjwa. Mwaka 1977 mama mmoja mtaalamu, Mary-Dell Chilton, pamoja na wenzake kule Marekani, wakathibitisha kuwa kipande cha pete hiyo huhama kutoka kwa bakteria na kujishona ndani ya DNA ya mmea. Yaani bakteria hii ilikuwa ikibadili jeni za mimea udongoni kabla binadamu hajawaza jambo kama hilo.

Hebu tulieleze kwa mfano wa kiondo. Agrobakteria ni mchukuzi. Kiondo chake ni kile kipande cha DNA kinachohama. Kina mikanda miwili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mchukuzi hushika mikanda tu. Hatazami kilichomo ndani. Kwa kawaida kiondo kina mizigo miwili: agizo la kuotesha nundu na agizo la kumpikia mgeni. Wataalamu wakasema: kama mchukuzi hushika mikanda tu, tutoe mizigo ya ugonjwa, tuweke mzigo wetu, tumwache aende. Ndivyo walivyofanya. Mwaka 1983 vikundi kadhaa vya watafiti vilitangaza kuwa vimefaulu, kimojawapo kile cha Ubelgiji na kingine cha kampuni ya Monsanto. Walianza na tumbaku na maua, kwa sababu mimea hiyo hukubali kukuzwa chupani bila matata.

Hapa tuna jambo la kukiri. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiwaambia watu mikutanoni kwamba bila mikono ya binadamu mmea hauwezi kamwe kubeba jeni za bakteria kutoka mbegu hadi mbegu. Tulikosea. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent na wa kile kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, walipima aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa duniani. Zote, bila kubakiza hata moja, zilikuwa na vipande vya DNA ya Agrobakteria au jamaa yake, vilivyoingia vyenyewe zamani za kale. Kwa hivyo kiazi kitamu kilichotulea tukakua kimebeba kiondo hicho miaka na miaka. Hilo halithibitishi kwamba kila GMO ni salama. Linaonyesha tu kwamba hofu ya "kitu cha bakteria ndani ya chakula", ikisimama peke yake, haina msingi.

Kwa nini mahindi yalikataa

Mimea ya nafaka ilikuwa migumu. Mahindi, mpunga, ngano, shayiri na mtama vyote ni jamaa ya nyasi, na Agrobakteria shambani haina kawaida ya kushambulia nyasi. Sababu mojawapo ni harufu, tukiruhusiwa kuiita hivyo. Tumbaku ikikatwa, kidonda chake hutoa kemikali ambayo bakteria huinusa kama vile fisi anavyonusa mzoga. Mwaka 1985 kemikali hiyo ilitambuliwa, ikaitwa asetosiringoni. Bakteria ikiinusa, ndipo huamka na kufunga safari na kiondo. Kidonda cha mahindi hakitoi kemikali hiyo vya kutosha. Tena seli za pembeni mwa kidonda cha nafaka hufa mapema badala ya kugawanyika, na seli isiyogawanyika haiwezi kuzaa mmea mpya hata kama imepokea mzigo.

Wengi wakakata tamaa na Agrobakteria, wakashika njia nyingine: bunduki. Ndiyo, bunduki. Vipunje vya dhahabu au tungsteni, vidogo kuliko vumbi, hupakwa DNA na kurushwa kwa nguvu ndani ya seli. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1980, na mahindi ya kwanza yenye kuzaa yakapatikana kwa njia hiyo mwaka 1990. Shida yake ni kwamba mara nyingi jeni huingia vipande vipande, au nakala nyingi kwa pamoja. Ni kama kurusha barua kupitia dirishani; moja itafika mezani, nyingine itaangukia jikoni ikiwa imechanika.

Waliofungua mlango wa nafaka kwa bakteria ni Wajapani wa kampuni ya Japan Tobacco. Mwaka 1994 walitangaza njia iliyofaulu kwa mpunga, na mwaka 1996 kwa mahindi. Ngano na shayiri zikafuata mwaka 1997, mtama mwaka 2000. Siri yao haikuwa moja. Walitia asetosiringoni wenyewe, kama mtu anayemwagia mbwa mchuzi aje. Waliiongezea bakteria nguvu za kubeba. Na la maana kuliko yote, hawakuchukua jani wala shina. Walichagua sehemu changa ambazo seli zake bado zina hamu ya kugawanyika.

Kazi yenyewe ndani ya maabara

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani mtaalamu anachukua sindano na kudunga mahindi dawa. Sivyo hata kidogo.

Mhindi huchavushwa kwa mkono, tarehe ikaandikwa. Baada ya siku kama kumi hadi kumi na mbili hivi gunzi huvunjwa, punje zikiwa bado maji maji, hata kuchoma hazifai. Gunzi huoshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo ili kuua uchafu wote. Kisha mtu huketi na kisu kidogo, akikata kichwa cha punje moja moja na kuchokoa kiini cha ndani, yaani mtoto wa mmea, chenye urefu wa milimita moja na nusu hivi. Ni kazi ya mikono mitulivu. Mama anayechambua mchele kwenye ungo angeiweza kuliko mwenye shahada anayetetemeka.

Viini hivyo hutumbukizwa kwa dakika chache katika maji yenye Agrobakteria iliyokwisha kutayarishiwa kiondo. Halafu hulazwa juu ya kitu kama uji ulioganda, kilichotengenezwa kwa mwani, sukari na madini, na kuachwa gizani siku tatu hivi. Ndizo siku za mchukuzi kufanya kazi. Zikiisha, bakteria haihitajiki tena. Viini huhamishiwa kwenye uji mwingine wenye dawa ya kuua bakteria, zile zinazoitwa antibiotiki, ili mchukuzi asibaki.

Sasa utajuaje ni kiini kipi kilichopokea mzigo? Kwa macho vyote ni sawa. Kwa hivyo ndani ya kiondo huwekwa pia jeni ya alama. Mara nyingi ni jeni inayostahimili dawa fulani ya magugu au antibiotiki. Dawa hiyo hutiwa kwenye uji. Seli zisizo na mzigo hufa, zenye mzigo hukua na kuwa bonge lisilo na umbo, kama kinyunya cha unga. Yapo maabara yanayotumia sukari badala ya dawa: seli hupewa aina ya sukari ambayo bila ile jeni haziwezi kuila. Bonge likisalimika majuma kadhaa, hupewa homoni za mimea na kutolewa kwenye mwanga. Majani madogo hutokea, kisha mizizi, kisha mche huingia kwenye udongo ndani ya nyumba maalumu iliyofungwa. Tangu kuvunja gunzi hadi kupata mbegu ni miezi mingi. Viini vingi hufa bure. Na kila mche uliopona hupimwa tena: jeni imeingia mara ngapi, na imekaa mahali gani.

Kuna kikwazo kingine kinachotuhusu sisi Waafrika. Mahindi yaliyokubali njia hii vizuri mwanzoni ni aina iitwayo A188, ya nchi za baridi za Marekani, ambayo ukiipanda hapa utalia. Mahindi yetu ya nchi za joto ni magumu kukuzwa chupani. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitumia miaka wakijaribu Agrobakteria kwa mahindi ya huku. Huko kwingine, tangu 2016 watu wamekuwa wakiongeza jeni mbili za mimea ziitwazo Baby boom na Wuschel2 zinazochochea viini vikue, na mahindi mengi yaliyokuwa yakikataa sasa yanakubali.

Jibu la yule mama

Basi, mama, ugali wako hauna kijidudu hicho. Mchukuzi aliuawa maabarani. Kilichobaki ni ule mzigo, yaani agizo alilolibeba, na limo katika kila seli ya mmea na litarithiwa na mbegu. Kwa hivyo swali sahihi si "mchukuzi ni nani?" bali "ndani ya kiondo mna nini, na nani alikifunga?"

Tena watu huchanganya bakteria mbili. Ukisikia mahindi ya Bt, hiyo "Bt" ni Bacillus thuringiensis, bakteria nyingine kabisa. Hiyo si mchukuzi. Ndiyo iliyotoa jeni ya sumu inayoua bungua, wale viwavi wanaotoboa bua la mahindi. Wakulima wasiotumia kemikali wamekuwa wakinyunyiza Bt kama dawa kwa miaka mingi. Na sasa shangaa: mahindi ya Bt yaliyojaribiwa hapa Kenya, ya aina iitwayo MON810, hayakutengenezwa kwa Agrobakteria. Yalitengenezwa kwa ile bunduki. Lakini MON87460, mahindi ya kuvumilia ukame yaliyojaribiwa Kiboko kule Makueni chini ya mradi wa WEMA ulioanza 2008, yalitengenezwa kwa Agrobakteria. Mchele wa dhahabu wenye rangi ya vitamini A, uliotangazwa mwaka 2000, nao ni kazi ya Agrobakteria. Ufilipino iliuruhusu ulimwe mwaka 2021, na mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya huko ikausimamisha.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyopita ukaguzi na kuuzwa kimataifa havielekei kuwa na hatari kwa anayevila. Ule utafiti wa panya wa Ufaransa uliotisha watu Septemba 2012 ulifutwa na jarida lililouchapisha mwaka 2013. Lakini hapa kwetu ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake: Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, kesi zikaanza, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha mambo tena hadi rufaa isikizwe. Kwa sababu hiyo, mtu akikuletea mfuko wa mbegu sokoni akisema ni GMO "imepitishwa", usitoe pesa ya kikundi kabla ya kumwuliza afisa wa kilimo na kuona alama ya KEPHIS.

Sisi tunaonaje? Hatuogopi bakteria. Tunachoangalia ni mfuko wa mkulima. Jeni hizi zina wenyewe, na hata njia ya kuziingiza kwenye nafaka ilipewa hataza na kampuni. Katika mradi wa WEMA wenye jeni waliahidi kutodai malipo ya haki zao kwa wakulima wadogo, jambo jema. Ila ahadi kama hiyo mkulima anapaswa kuisoma kwa lugha anayoielewa, na bado hatujakutana na kikundi kilichowahi kuonyeshwa. Na mbegu zile ni haibridi, kwa hivyo utanunua kila msimu, kama tunavyonunua haibridi tangu ile H611 ya Kitale ilipotoka mwaka 1964. Mwenye kutegemea mbegu ya nyumbani asidhani amepunguziwa mzigo.

Tuliporudi kwa kikundi kile na kueleza haya, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akauliza jambo tusilolitarajia. "Mimi huweka mbegu ya mahindi yangu ya kienyeji tangu wakati wa mama yangu. Jirani akipanda hiyo yenu, upepo utanihurumia?" Hautamhurumia. Mahindi huchavushana kwa upepo. Chavua nyingi huanguka ndani ya makumi ya mita, lakini kidogo huenda mbali zaidi. Mpunga na ngano hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hivyo hatari ni ndogo. Mtama ndio wa kuangaliwa sana, kwa sababu ni mmea wa Afrika, na jamaa zake wa mwituni wamejaa kandokando ya barabara zetu na huzaana nao.

Tulimshauri apande majuma matatu au manne kabla ya jirani au baada yake, ili mbelewele zisitoke wakati mmoja, na mbegu aichague katikati ya shamba, si mistari ya ukingoni. Akasema mvua haitamngoja majuma manne. Ni kweli, na hapo mkutano ukageuka kuwa wa kupanga. Majirani watatu wenye mashamba yanayopakana walikubaliana kuambiana, kabla ya mvua za masika, kila mmoja amenunua mbegu gani, na katibu akaandika hilo kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikundi.